Usizime Mpaka Nyumbani

Vazha alihesabu noti mara mbili, akilamba kidole,
akanikabidhi ufunguo uliofungwa kwa kamba ya kiatu,
akaniambia, akiwa ameshanipa mgongo:
"Mama, usizime. Ukifika kwako, zima upendavyo."

Hapo ndipo nilipojua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia,
na mbuzi mwenyewe anakohoa.

Rangi yake kijani, ile ya milango ya hospitali.
Mlango wa abiria hufunguliwa kwa nje tu,
kioo kimeshikiliwa na bisibisi,
na chini ya miguu ya dada yangu Tsiuri
pana tundu; lami ya Kutaisi ilipita humo
kama kitambaa chini ya cherehani.

Nguruwe wawili na jozi za mwaka mzima,
magunia kumi na moja tuliyoyamenya mpaka vidole vikawa vyeusi:
hiyo ndiyo bei. Tsiuri alinikumbusha kabla ya daraja,
akanikumbusha baada ya daraja.
"Miaka hamsini na minane umetembea,
leo miguu imekukosea nini?"

Sikumjibu. Anajua basi la Ijumaa limefutwa.
Anajua usiku ule wa Februari tulivyomteremsha Otia kwa trekta
chini ya mablanketi matatu, akiuliza kama tumefika,
akiuliza,
halafu hakuuliza tena.

Kila kanisa tulilolipita alipiga ishara ya msalaba mara tatu,
kisha mara tatu nyingine kwa niaba yangu,
maana usukani ulivuta kushoto, kuelekea mtoni,
kama punda ajuaye pa kunywa,
na mikono yangu yote miwili ilikuwa na ibada yake.

Kituo cha mafuta, kijana akasema: zima.
Nikasema: sizimi.
Akasema: sheria.
Tsiuri, ambaye tangu asubuhi hakuwa upande wangu,
akatoa kichwa dirishani:
"Mama yako anajua unavyowasemesha wajane?"
Akajaza, amegeuza uso,
kana kwamba asipoutazama moto, moto nao hautamwona.

Milima ya Racha ilipoanza, rejeta ikachemka.
Nilizunguka kumfungulia dada mlango
kama dereva wa waziri.
Akashuka Rioni na sufuria yake mpya ya jamu,
karatasi ya bei bado imeganda ubavuni,
akapanda, sketi imelowa hadi magotini.
Maji yakaingia. Mvuke ukatutukana sote wawili.

Kona ya tatu juu ya hapo: ng'ombe wanne
wamelala katikati ya barabara, wanacheua,
wanatutazama kama waliokwisha kulipwa.
Honi haina sauti. Nikapunguza, nikapunguza,
na injini ikanyamaza.

Ukimya ule. Mto tu, na kengele moja shingoni mwa ng'ombe.
"Hukuzima wewe," Tsiuri akasema taratibu. "Imezimika."
Kwa mara ya kwanza siku hiyo, alinitetea mbele ya mtu,
na mtu mwenyewe ni mimi.

Nikaachia breki. Tukateleza kinyumenyume,
mita ishirini, thelathini, korongo likitukaribia kisogoni,
nikaingiza gia ya kurudi, nikaachia klachi:
ikaruka, ikapiga chafya, ikafufuka.
Ng'ombe wakainuka, si kwa woga.
Kwa heshima, nadhani. Au kwa moshi.

Sasa niko uani. Mbwa amebweka mpaka amechoka.
Taa moja ya mbele inamulika banda tupu la nguruwe.
Mkono uko kwenye ufunguo, na hauzungushi.

Tsiuri amerudi kutoka jikoni na bakuli la maharage,
mkate kwapani, vijiko viwili.
Amejifungulia mwenyewe, kwa nje, ameketi.
"Kesho tutaisukuma," anasema.

Tunakula. Chini yetu kila kitu kinatetemeka,
hata vijiko.
Mshale wa mafuta unashuka.