Udongo wa Nyuma ya Ukumbi

Karatasi ya arobaini na mbili na karatasi ya hamsini
zilisema neno moja kwa kinywa kimoja:
tani sitini na moja za udongo
mvua huzichukua kila mwaka katika hekta ile ya mfano, Kondoa.
Jibu ni kumi na sita.
Kukosea ni kama kupiga chafya, kila mtu na yake;
wawili wakipiga chafya moja, nauliza.

Kalamu nyekundu ilikuwa tayari.
Upepo wa Agosti ulikuwa ukitia vumbi la Dodoma
chini ya mlango, juu ya majibu, ndani ya chai.
Daktari Ndahani, ofisi ya pili, akaniambia:
"Wapeleke. Wakidisko wawili, mia watanyooka."
Yeye huwasimamisha mbele ya darasa, kwa majina,
na darasa hucheka
kile kicheko cha kushukuru kwamba si mimi.
Nikafunga kalamu.
Kanuni zetu zina kurasa tisa.
Nilizisoma zote usiku ule. Hakuna ulioandikwa: aibisha kwanza.

Nikawaita, kila mmoja na saa yake,
Bi Lusajo wa taaluma akiwa shahidi, kiti cha pembeni.
Sikusema "umeiba." Nilisema,
"Nifundishe ulivyofika hapa."

Yusta Chidosa alishika chaki kama kijiko cha moto.
Akakokotoa, akafuta, akakokotoa,
akafika kumi na sita, akashtuka,
akachomoa mkobani desa la steshenari ya getini,
kopi ya kopi, shilingi mia tano:
mwandiko wangu.
Mwaka wangu wa kwanza kufundisha.
Sitini na moja, na mstari nimepiga chini yake.

Bi Lusajo alitazama dirisha, kwa heshima.
Miaka sita swali lile lile,
nimelivaa kama kanga ya kushindia,
halafu nashangaa watu kulijua rangi.
Nyani haoni kundule; siku ile nyani alikuwa kwenye kiti changu, na miwani.

Hosea Matimbwi hakuandika kitu.
Alitazama ubao kama mlango wa nyumba ya watu.
"Nilipiga chabo kwa Yusta," akasema, sijauliza.
"Usiku nalinda mchanga wa mkandarasi, Ihumwa.
Kitabu nakifungua, kinanisoma mimi."
Nilimsikia.
Na fomu niliijaza.
Aliisoma neno kwa neno kabla ya kusaini,
nami nikangoja, hata chai ikapoa.
Alirudi mwaka uliofuata na supu yake,
akakaa mstari wa mbele.

Mwaka huo swali lilikuwa jipya:
leteni udongo wa kwenu, kilo moja,
mniambie umepoteza nini.
Meza ikajaa mifuko. Mwekundu wa Kondoa.
Wa Bahi, wenye chumvi inayong'aa.
Mweusi wa mbugani, uliopasuka njiani, ndani ya basi.
Mchanga wa Mvumi, mlaini kama unga wa kuazima.

Mfuko mmoja niliujua kabla sijaufungua:
changarawe ya kahawia, chembe za saruji.
Nyuma ya ukumbi namba tatu. Naukanyaga kila asubuhi.
Nikacheka peke yangu. Nikatoa fomu mtotoni.
Kisha nikakumbuka chaki ya Yusta,
nikaenda kumtafuta mwenye mfuko.

"Mazoya, nionyeshe ulipochimba."

Akanipeleka hadi kwenye jenereta.
"Kabla ya ukumbi," akasema, "hili lilikuwa shamba la bibi.
Uwele, mpaka pale kwenye nguzo.
Jiko lilikuwa hapa unaposimama."
Nikasogea.
Akainama, akafukua kwa kidole,
akanipa kigae cha chungu,
upande mmoja bado una masizi.

Fomu ilikuwa mkononi.
Nikaigeuza, nikaandika mgongoni mwake:
uwele. Jiko. Tani ngapi?