Kurasa za Mbele

Kinyozi wa Hamriya alikuwa Mmalabari,
Kunjumon jina lake, sisi tukimwita Kunju,
na kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi
mama alinituma kwake na baisa mia mbili
na onyo: nywele zisiguse sikio.

Foleni ndefu. Kiyoyozi kinadondosha maji
kwenye kopo la maziwa ya unga.
Chini ya benchi, boksi la ndizi,
na ndani ya boksi, vitabu vya katuni
vya Kairo na Beiruti, vinanuka kolonya.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu Maskati.
Kiarabu changu kilikuwa cha msikitini:
nilijua kuomba pepo, sikujua kuomba maji.

Basi nikavisoma nilivyofundishwa Unguja,
kutoka kushoto.
Kisanduku cha kwanza, mtu amekufa.
Cha pili, risasi inamtoka kifuani,
inarudi kwenye bastola kwa adabu,
kama mtoto aliyeitwa ndani magharibi.
Cha tatu, anacheka, anakunywa kahawa.
Nikadhani hiyo ndiyo kazi ya shujaa,
yule mwenye joho la zambarau: kufufua watu.
Miezi minne nilimpenda kwa kosa hilo.

Aliyenisahihisha ni Mudrik, mwana wa muuza halua.
Alikigeuza kitabu mkononi mwangu, hakusema neno,
kama anayemgeuza mgonjwa kitandani.
Nikasoma upya.
Akanywa kahawa, akacheka, akafa.
Sikumshukuru Mudrik.

Kunju naye alikuwa na herufi za kwao
zinazotoka kushoto kwenda kulia,
na alipotaka karatasi ya kufutia povu la wembe
alichana nyuma, kwenye kurasa zilizokwisha,
kwa heshima, asimharibie mtu hadithi.
Nyuma yake ilikuwa mbele yetu.
Hapakuwa na kitabu bokisini chenye mwanzo.
Mashujaa wote walianzia katikati,
wamekwishakasirika, wamekwishavaa kinyago,
na hakuna aliyejua nani aliwaudhi.

Sikuona ajabu. Nyumbani kwetu pia
hadithi ilianzia uwanja wa ndege wa Sibu,
mabegi matatu,
baba amevaa koti la mtu mwingine.
Kabla ya hapo, povu.

Kiarabu nilikipata kwenye viputo.
Siku moja nilisimama dukani, kifua mbele,
nikamwambia muuza duka kwa sauti ya mwenye joho:
"Ewe mtu mwema! Nipe mkate, kabla hakujachelewa!"
Duka zima likaangua kicheko.
Akanipa mkate, akaniongezea biskuti,
akasema, "Na dunia usiisahau, iokoe."

Mwaka jana, kwenye maonyesho ya vitabu,
ukumbi unanuka zulia jipya,
nimekiona: toleo lile lile, ndani ya nailoni,
kwa bei ambayo Kunju angeninyoa miaka kumi.
Nimelipa. Nimekaa garini, injini inaunguruma,
nimefungua ukurasa wa kwanza
niliousubiri tangu nina miaka tisa.

Tangazo la dawa ya meno.

Wa pili, barua za wasomaji:
mmoja wa Tripoli anatafuta rafiki wa kalamu,
anapenda stempu na kuogelea.

Nimemsimulia mama. Amecheka hadi akashika mbavu,
kisha akanyamaza, akavua miwani,
akaifuta kwa ncha ya mtandio,
akasema, kama anayezungumza na miwani:
"Siku ile nilikuwa nimebandika mbaazi.
Hata tui sikuwahi kulitia."

Hakuongeza. Sikumwuliza.

Usiku nimechukua penseli ya binti yangu,
nimepiga mistari minne kwa rula,
upande wa kulia wa karatasi.
Nimechora seredani, sufuria,
kifuniko kimekaa upogo.
Moshi umenishinda.
Nimeufuta mara tatu,
karatasi imetoboka pale.