Ramani Nyuma ya Kalenda

Stima imepotea tena Donholm. Mshumaa
tumeusimamisha kwenye kifuniko cha majarini.
Syombua ameigeuza kalenda ya mwaka jana,
ile tuliyopewa na duka la misumari Gikomba,
na kwenye mgongo wake mweupe anapanga Desemba:
siku tisa, watu wanne, Probox ya shemeji
ambayo rejeta yake ina kiu kutushinda.

"Hatuendi kutazama mlima," anasema.
"Mlima hauliwi.
Tutafuata moshi."

Basi: Jumamosi, alfajiri, matumbo matupu,
marufuku mtu kuonja chai ya nyumbani.
Limuru tunapita tukimeza mate.
Kinungi, karoti na majani yake,
tunazipangusa kwenye suruali, tunatafuna hadi Naivasha.
Gilgil, mbuzi. Kalamu inakoleza: mbavu, si paja,
na kachumbari tuione ikikatwa.
Wesonga anauliza kama huko kuna chipsi.
Hakuna anayemjibu.

Nakuru, kulala kwa shangazi
(bure; mistari miwili chini yake).
Eldoret, mursik, ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa,
"si ya chupa ya plastiki, nitaijua kwa harufu."

Webuye namnyang'anya kalamu.
Hapa ni kwetu, hapa mwenyeji ni mimi.
Naandika kwa herufi kubwa: KUKU WA NASAMBU,
dada yangu, ambaye humkausha juu ya meko siku mbili
kabla hajamwonyesha sufuria,
na ugali wa wimbi, mweusi kama udongo wa mtoni.
"Na firigisi ni yangu. Hilo halina mjadala."
"Firigisi itapigiwa kura," asema mke wangu,
na kalamu inarudi kwake.

Kisumu, samaki mzima, mkia nje ya sahani,
uma na kisu vibaki garini.
Kisii, matoke, na ile saga chungu
inayomfanya mtu afumbe jicho moja.
Bomet, chai peke yake,
chai iliyochemshwa na maziwa mpaka ikatubu.
Narok tutakuwa hatuna pesa: mahindi ya kuchoma,
ndimu na pilipili, tumesimama.
Kisha nyumbani, kufua.

Amepiga hesabu ya petroli mara tatu,
imekataa mara tatu.

Ndipo Nduku, mlinzi wa mshumaa,
ambaye tulidhani amesinzia,
akaweka kidole upande wa kulia wa karatasi,
pale peupe, pasipo hata nukta.
"Na huku kwa susu, hawali?"

Nta ikadondoka hapo hapo.

Miaka sita. Siku ya matanga ya baba yake
Syombua alinyoosha mkono akoroge chungu,
mama yake akasema mbele ya wakamwana na majirani:
"Aliyezoea vya kununua, changu asikiguse."
Neno dogo. Liliingia kama mwiba wa samaki
na kooni ndiko lilikojenga.
Mimi huwa naona. Jumamosi, sokoni,
yeye huchota muthokoi, huupima kiganjani,
huuliza bei, huilalamikia bei, huurudisha guniani.
Tunanunua mchele.

Hakumjibu mtoto. Stima ilirudi,
mtaa mzima ukashangilia kama bao limeingia,
akapuliza mshumaa, akaikunja safari yetu mara nne,
akaitia chini ya mkebe wa sukari.

Asubuhi, nikitafuta sukari, nimeikunjua.
Kando ya ile nta iliyoganda,
kwa mwandiko mdogo kama wa deni:
Mwingi. Muthokoi. Kupiga simu kwanza.
Hakuna kilomita. Hakuna bei.
Na kule juu, tisa imekatwa, kumi imekatwa,
imebaki kumi na moja,
na sasa sijui nani atamwambia shemeji.