Foleni ya Mamboleo

Lori lilishindwa na mteremko wa Riat
alfajiri ya Jumanne, likajilaza ubavu hapa kwetu
kama ng'ombe aliyechoka kukamuliwa.
Kabla vumbi halijatua, matawi yalishatandazwa barabarani,
mbele na nyuma, hatua mia kila upande,
mgeni asije akatuvamia kwa kasi. Hiyo ni desturi.
Hakuna aliyeagiza.

Kisha tukapanga foleni.
Husemwa umati ni mnyama. Si kweli, au si siku ile.
Nilisikia "samahani" nyingi kuliko ninazosikia kanisani.
Mama Achola, sauti ya kwanza kwenye kwaya, alisema,
"Mpisheni huyo, ana mtoto mgongoni,"
nasi tukampisha.
Mzee Ogutu, karani mstaafu wa mahakama,
alisimama juu ya tairi akigawa:
dumu moja moja, jamani, sote tupate.
Kijana aliyebeba mawili alizomewa
mpaka akarudisha moja, macho chini.
"Hatukulelewa hivyo," mtu alimwambia.

Dereva alikuwa ameshafunikwa leso.
Ya nani, sijui. Mwenyewe aliivua kiunoni, akamfunika,
akarudi mahali pake kwenye mstari,
na waliomfuata walikuwa wamemtunzia nafasi.

Utingo alikuwa hai.
Alikaa mtaroni, mguu umegeukia upande usio wake.
Akaniita, "Dada."
Nikasimama, maana nilifundishwa kusimama nikiitwa.
Akasema, "Maji."

Mkononi nilikuwa na mafuta ya kupikia, lita tano.

Nikamwambia, "Pole sana."
Naapa nilisema kwa moyo wote.
Nikapanda kwenda nyumbani nikiwaza, nitarudi na kikombe.
Uji ulikuwa jikoni, watoto hawajavaa soksi,
na shule ninayofundisha hufunga lango saa moja na nusu.

Jioni simu ikalia: kundi la mtaa.
Aliitwa Makhulo, mwana wa Sikhendu,
amefia njiani akipelekwa Russia, hata wodi hakuiona.
"Tuchange chochote, ndugu zangu. Utu kwanza."
Nikatuma mia mbili.
Jina langu likaandikwa, la kumi na saba,
na kando yake mikono miwili midogo inayosali.
Niliisoma orodha yote.
Foleni ilikuwa ileile,
karibu kwa mpangilio uleule.

Dumu lilikaa chini ya meza miezi miwili.
Sikulifungua, sikulitoa sadaka.
Jumamosi nililipangusa vumbi pamoja na viti.
Juzi mama mkwe aliingia bila taarifa,
duka limefungwa,
na mgeni halali njaa katika nyumba hii.
Nikakaanga omena, nyanya tele, kitunguu mpaka kikawa kahawia.

Zilikuwa tamu.
Hilo ndilo ninaloungama; mengine mnayajua, mlikuwepo.

Kabla ya kula nilizunguka na birika na beseni
kama nilivyolelewa, nikianza na mkubwa,
goti moja chini, nikimmiminia taratibu.
"Yametosha, mwanangu," alisema.
Akasema tena, "Yametosha,"
mikono yake ishatakata, beseni limefurika,
sakafu imelowa hadi mlangoni,
nami bado nainamisha birika.