Ganzi

Juni ile, msituni nyuma ya Ipole,
nilishusha mzinga wa gome kutoka kwenye mtundu,
moshi machoni, asali ikinichuruzika hadi kiwikoni,
na Nizigi, aliyenishikia ndoo, akasema:
"Baba, nyuki watano wamekuuma mkono wa kushoto
na hata hujashtuka."

Nikacheka. Mrina asali gani hulilia miiba?
Lakini usiku, taa imezimwa, nilijifinya pale penye baka,
nikajifinya tena, kwa kucha.
Ilikuwa kama kufinya blanketi la mtu mwingine.

Miaka kumi na tisa nimesoma somo la kwanza
katika kanisa letu la Sikonge.
Habari ya jemadari wa Shamu niliisoma kwa sauti ya juu:
farasi, magari, mizigo ya fedha,
na chini ya joho lile lote, ngozi.
Ilipita kinywani mwangu
kama treni ya mizigo inavyopita Tabora usiku:
vikombe hutikisika kabatini,
mwenye nyumba haamki.

"Nenda hospitali," alisema Nizigi,
mtoto wa Ulyankulu, aliyekuja kwetu kuchota maji,
ambaye jina lake tulilikata
kwa kuwa ndimi zetu zilichoka njiani.
"Jirani yetu alikuwa na baka kama hilo.
Alipewa vidonge. Bure."

Sikwenda.
Nilitaka uwanja, vipaza sauti,
mhubiri wa kutoka mbali apunge mkono juu yangu,
nianguke, niinuke, watu walishangilie jina la Bwana
na langu kidogo.

Septemba, vidole viwili vilipoanza kukunjika, nilikwenda.
Tabibu hakuinuka kitini.
"Fumba macho. Nikikugusa kwa pamba, sema."
Nikangoja.
Nikauliza, "Umeshaanza?"
Akajibu, "Nimeshamaliza."

Ukoma. Alilitaja kama mtu anayetaja mafua.
Paketi kumi na mbili, kila mwezi moja. Basi.
Hasira ya yule jemadari ikanipanda kichwani:
hata mlangoni hakutoka!
Na mto wenyewe ni huu? Kwani Ugalla haina maji?

Siku ya kwanza mkojo ulitoka mwekundu.
Nilisimama nyuma ya choo nikitetemeka,
nikamkumbuka akizama, akiibuka na ngozi ile ile,
akizama tena, watumishi wake wakihesabu ukingoni.
Hakuna aliyeandika alijisikiaje mara ya sita.
Ningependa kujua.
Mimi mara ya sita niliikalia miezi.

Jumapili, watu walisogea, kwa adabu, wakaniachia benchi.
Nililaani upana wake.
Kisha, Jumapili moja ya mvua,
bati likipiga kelele hata mahubiri yasisikike,
nilihisi sikukaa pale peke yangu.
Sina namna ya kulieleza hilo, na sitajaribu.

Sitasema uongo mbele ya madhabahu:
ngozi yangu haikuwa ya mtoto mchanga.
Vidole viwili vimebaki vimeinama,
kama watu wasioisikia Amina.
Nilipoona maneno yale yale ukurasani
sikuyasoma kwa sauti ya juu. Niliyasoma polepole,
na nilipofika kwa yule binti mateka,
aliyesema neno moja jikoni akasahauliwa,
ambaye hata jina hakuachiwa,
koo lilikaza, nikafunga kitabu.

Juni nyingine. Msitu ule, mtundu ule.
Nyuki mmoja, kwenye kifundo cha mkono.
Nilipiga yowe, ndoo ikaenda chini,
Nizigi akaja mbio: "Inauma?"
"Inauma, mwanangu. Inauma!"
nikicheka, machozi na asali usoni.

Tukakaa juu ya gogo, akinichomoa mwiba.
"Jina lako lote," nikasema. "Lile refu."
"Nizigiyimana." Alilikatakata silabi
kama anayemfundisha mtoto kusoma.
"Maana yake, namtumaini Mungu."

Nikalitamka. Nikakosea.
Nikalitamka tena.
Mara ya saba hakunisahihisha.