Doa la Tunda Damu

Goti la kulia, hili la kukanyagia cherehani,
lilianza kuvimba mvua za vuli zilipoingia.
Likafura kama andazi.
Nilipolikunja asubuhi lililia, kwiii,
kumbe sauti ileile ya gurudumu la mashine yangu
siku nilipoisahau barazani, Kiboriloni,
ikanyeshewa usiku kucha.

Aikande huteremka kutoka Mbokomu
na ndoo ya rangi, ya lita ishirini,
imejaa matunda damu.
Hatangazi bei, hutangaza miujiza:
"Yanaongeza damu! Mama, utaruka kamba!"
Kuruka sitaki, nikamwambia.
Nataka kukanyaga pedeli tu.

Anaeli, mtoto wa kaka yangu, anayesomea maabara,
alilipasua moja kwa wembe wangu wa kufumulia:
ganda chungu, nyama ya rangi ya chungwa,
na mbegu zimelala kwenye wino mwekundu.
"Shangazi, mwili nao hushika kutu.
Hewa hiyohiyo unayoivuta uishi
huacha cheche, na cheche hutafuna.
Rangi hii huzidaka. Husaidia kupoza uvimbe,
polepole. Polepole sana.
Vidonge vya daktari usiache.
Hiki ni chakula."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema,
nami nimeshona nguo miaka thelathini
bila kujua kwamba hewa ina meno.

Sasa nala mawili kila jioni, kwa kijiko,
na sukari kidogo ambayo Anaeli haioni.
Goti? Siwezi kuapa.
Limepungua, au nimelizoea,
au ni kiangazi tu.
Mashine naipa mafuta, goti nalipa wekundu,
na sote tunakwenda.

Ila Jumamosi tone lilidondoka
kwenye gauni jeupe la kipaimara
la Ndetaramo, binti wa jirani.
Nikasugua kwa chumvi, kwa ndimu,
kwa maneno yasiyosemwa kanisani.
Wapi!
Nikiwa nimeinamia beseni, goti moja zima, moja bovu,
ndipo nikamwelewa yule kijana:
hiki kinachokataa kufuliwa
ndicho nilichokimeza jana kinilinde.

Nikakata kipande, nikashona mfuko juu ya doa.
Mama yake akauliza, mfuko wa nini, kipaimara hiki?
Wa leso, nikasema.
Mtoto akatumbukiza mkono humo,
akatabasamu,
akauacha.