Karatasi ya Machi

Nimeipata chini kabisa ya mkoba wake,
chini ya soksi moja na ganda la chungwa,
imekunjwa mara nne, imelowa theluji, ikakauka, ikalowa tena.
"Kwa wazazi na walezi wa darasa la sita hadi la nane."
Nimetoka kazini sasa hivi. Buti zinachuruzika mlangoni,
yeye bado amelala,
na leo ni tarehe kumi na tatu.

Tarehe nne: kupigwa picha upya, kwa waliofumba macho.
Imepita. Sijui kama alifumba.
Tarehe sita: kupimwa macho.
Imepita. Anaona, nadhani.
Jumapili tarehe tisa: saa zinasogezwa mbele.
"Msisahau," anaandika Bibi Perrault wa ofisini,
ambaye hajasahau kitu tangu mimi nilipokuwa
mtoto wa kuitwa mbele ya meza yake.
Ningesahauje? Saa nane ya usiku ilipogeuka saa tisa
nilikuwa juu ya greda, njia ya mgodi wa zamani,
taa ya njano ikizunguka kichwani pangu,
na saa nzima ikafukiwa na theluji
pamoja na malipo yake.

"Theluji ikizidi, sikilizeni redio kabla ya saa kumi na moja alfajiri."
Hapa nacheka peke yangu jikoni.
Wanaosikiliza redio wananisikiliza mimi.
Ni mimi ninayempigia simu mkuu wa shule saa kumi,
nikamwambia kilima cha kanisa hakipandiki,
au kinapandika, washa taa.
Watoto mia mbili hulala au huamka kwa neno langu,
na mmoja wao simwoni ila mgongo,
akikimbilia basi.

Vilivyookotwa: glavu kumi na saba, zote za kushoto.
Manukato ya kupuliza yasiletwe chumba cha michezo.
Tafadhali. Yasiletwe.
Tamasha la bendi, Alhamisi tarehe ishirini, saa moja jioni.
Bwana Stimac anaomba mashati meupe,
na wazazi wasipige makofi katikati ya wimbo wa pili:
ukinyamaza, haujaisha.

Safari ya makumbusho ya mgodi.
Sahihi ya mzazi kabla ya Ijumaa tarehe kumi na nne.
Kesho.
Kipande cha chini, cha kukatwa kwa mkasi, kimeshajazwa.
Mwanafunzi: Senja Lahtinen.
Mzio: hakuna.
Sahihi: yangu.

Si yangu. Ni nzuri kuliko yangu.
Mimi huandika jina langu kama mtu anayekimbizwa na mbwa.
Huyu alikaa kitako. Nageuza karatasi, naona mazoezi:
Arvid, Arvid, Arvid,
mara ya nne akakosea, akachora kikaragosi
chenye kofia ya manyoya, kinakoroma,
mara ya sita akapata.

Nilidhani nitakasirika.
Birika limechemka, hasira haijafika.
Mama yake yuko zamu Marquette mpaka Jumapili,
na mimi ndiye niliyesema, mwezi wa Desemba,
usiniamshe ila nyumba ikiungua.
Nyumba haikuungua.

Natafuta kalamu. Chini ya jina langu
naandika jina langu, baya, la mbio.
Bibi Perrault atayaona yote mawili
na hatasema neno. Ana kabati la chuma,
na ndani yake, najua, iko sahihi ya baba yangu
ya mwaka wangu wa darasa la saba,
ambayo baba hakuwahi kuiona.

Kisha nyuma, chini ya kikaragosi:
Tarehe ishirini nitakuja. Niamshe saa kumi jioni,
hata kama nyumba haiungui.

Narudisha karatasi ilipokuwa, soksi juu yake.
Ganda la chungwa nalitupa.
Halafu nafungua kabati lake polepole,
nione kama shati jeupe bado linamtosha.